Desturi ya Wanakemia ya Kuipa Elementi Ukoo

Wanakemia wana desturi waliyoishika tangu mwaka 1869: elementi huingizwa katika ukoo wake kwa tabia. Mwaka huo Dmitri Mendeleev, huko Urusi, alizipanga elementi 63 kwa kufuata uzani wa atomi, lakini alipofika kwenye teluriamu na iodini akaivunja kanuni yake mwenyewe. Teluriamu ni nzito zaidi, hivyo ilipaswa kuifuata iodini. Ila iodini huungana na sodiamu ikawa chumvi, kama zifanyavyo klorini na bromini, na teluriamu hufanana na salfa. Mendeleev aliamini kwamba uzani ulipimwa vibaya. Haikuwa hivyo. Mwaka 1913 Henry Moseley alionyesha kwa eksirei kwamba kinachozipanga elementi ni namba atomia, ambayo leo tunajua ni idadi ya protoni: teluriamu 52, iodini 53. Tabia ilikuwa imesema kweli zaidi ya miaka 40 kabla sababu yake haijajulikana.

Wapo watakaosema haya ni mapatano ya watu tu, na ushahidi wanao. Kwa miaka mingi Marekani na Ulaya zilitofautiana kuhusu safu zipi ziitwe A na zipi B, hadi IUPAC, muungano wa kimataifa wa kemia, ulipopendekeza namba 1 hadi 18. Lakini kilichobadilika ni majina ya safu. Klorini haikutenganishwa na bromini. Hata kauli ya mzee haikutosha: Rayleigh na Ramsay walipotangaza argoni mwaka 1894, Mendeleev aliikataa, akidhani ni naitrojeni ya atomi tatu. Ushahidi ulimshinda, safu ya gesi adimu ikaongezwa. Heliamu nayo ina elektroni mbili za nje sawa na beriliamu, ambayo ni metali, lakini imewekwa juu ya neoni kwa sababu katika hali ya kawaida haiungani na chochote.

Kwa sababu hiyo oganesoni, namba 118, inanitia shaka. Mwaka 2016 ilipewa jina lenye mwisho wa neoni na argoni kwa sababu ya safu yake, ilhali atomi zake zilizowahi kutengenezwa ni chache mno, hazidumu hata sekunde moja, na tabia yake ya kikemia haijapimwa. Mahesabu yanaashiria kwamba huenda hata si gesi. Siku itakapopimwa, wanakemia waihukumu kwa tabia kama walivyoihukumu heliamu, na jina lisiwe kinga yake.