Mwalimu, Usikaze Mkono

Siku niliyotimiza miaka 60 nilimkabidhi mwalimu mkuu vitu vitatu: ufunguo wa kabati, daftari la mahudhurio na kijiti nilichokuwa nikionyeshea herufi ubaoni. Tangu 1989 nimefundisha darasa la kwanza hapahapa Muheza. Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania, 60 ndio umri wa lazima wa kustaafu; kwa hiari unaweza kuondoka kuanzia 55.

Kila anayenipa pole, au hongera, hufuatisha swali la kikokotoo cha pensheni. Haya, nikieleze. Kila mwezi mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri huweka 15, zote huenda kwenye mfuko wa pensheni, ambao leo ni PSSSF. Pensheni inataka uwe umechangia angalau miezi 180. Mimi nina miezi 432 ya utumishi. Miezi hiyo hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka 3 uliyolipwa vizuri zaidi. Jibu ni pensheni ya mwaka. Sehemu yake hulipwa kwa mkupuo, iliyobaki huja kidogokidogo kila mwezi. Tunzeni karatasi zenu, jamani! Barua yangu ya kuthibitishwa kazini ililiwa na mchwa, nikahangaika wiki tano kutafuta nakala.

Hata hivyo, si hesabu iliyoninyima usingizi. Niliogopa saa kumi na moja alfajiri. Mwili umezoea kuamka, na huko nje hakuna watoto sabini wa kukuamkia “Shikamoo, mwalimu!” Ukiacha kuitwa mwalimu, unabaki kuwa nani?

Ndiyo maana miaka mitatu kabla ya kustaafu nilikwenda kwa kijana mmoja anayebebesha miche ya michungwa. Nilimfundisha kuandika jina lake. Alikuwa akiibana penseli mpaka inavunjika. Sasa nikamwomba yeye anifundishe. Akanionyesha mche wa mlimao wenye unene wa penseli. Unachana gamba, unapachika jicho la mchungwa mtamu, unafunga kwa utepe wa nailoni. Kisu kikanitetemeka.

“Mwalimu, usikaze mkono,” akasema.

Maneno hayo niliyasema mimi miaka yote, nimeinama nyuma ya madawati. Hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza herufi zitamfikisha wapi. Kila mmoja alilegeza vidole tu, akaandika.

Katika miche 40 ya kwanza, 17 ilishika. Niliipanda robo ekari nyuma ya nyumba, nikijua mchungwa wa kubebesha huchukua miaka mitatu au minne kuanza kuzaa. Yaani nilipanda nikiwa kazini, nivune nikiwa sina kazi.

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa kumi na moja kama kawaida. Nikachukua tochi nikaenda kufungua nailoni za miche mipya. Jicho la kwanza lilikuwa limekauka. La pili lilikuwa bichi.