Fahamu: Kwa nini hata usafishaji mdogo wa msimbo wa Linux hukaguliwa

Ukitaka kufuta mstari mmoja usiotumika katika kiini cha Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, mabadiliko yako hayapiti hivi hivi. Msimamizi wa sehemu hiyo huyasoma, huuliza sababu, kisha huweka jina lake.

Inachosha, lakini ndiyo ngao yenyewe. Novemba 2003, mtu asiyejulikana alipenyeza mistari miwili kwenye nakala ya msimbo huo. Palipostahili alama mbili za usawa (==), kulinganisha namba ya mtumiaji na sifuri, aliweka moja tu. Alama moja hailinganishi, inaandika sifuri mahali pa namba hiyo: mtumiaji wa kawaida angegeuka mwenye mamlaka yote ya kompyuta. Hila iligundulika kwa kuwa badiliko halikuwa na kumbukumbu ya kuidhinishwa.