Namna ya kupanga likizo ya kisiwani bila kurudi Nairobi na madeni

KILA mwaka ufikapo Oktoba, vioo vya mawakala wa usafiri katikati ya jiji la Nairobi na mtaani Westlands huanza kupambwa kwa picha za visiwa. Kuta nyeupe za Santorini, maji ya samawati ya Malta, mchanga wa Cyprus. Chini yake bei iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa na masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo mno. Mkazi wa Kangemi au Kawangware apitaye hapo akielekea steji huzitazama, akapiga hesabu kimoyomoyo, kisha akashika njia yake.

Hajakosa kitu kikubwa. Ugiriki na Malta zimo katika eneo la Schengen, na tangu Juni 11, 2024 ada ya viza ya eneo hilo ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa umri wa miaka sita hadi 11. Baba, mama na watoto wawili wa umri huo watatoa euro 270, yaani zaidi ya Sh35,000, kabla hata ya kununua tikiti ya ndege. Pesa hizo hazirudishwi ombi likikataliwa. Juu ya hayo kuna bima ya matibabu isiyopungua thamani ya euro 30,000, taarifa za benki na barua ya mwajiri. Isitoshe, Desemba, mwezi ambao wengi wetu hupata likizo, ni kipindi cha baridi na mvua katika visiwa hivyo, na hoteli nyingi huwa zimefunga milango. Mja anaweza kulifuata jua maelfu ya kilomita akalikosa.

Kisiwa cha Lamu kiko takriban digrii mbili tu kusini mwa ikweta, na jua lake halina msimu wa kujificha. Mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, ukitambuliwa kuwa makao ya Waswahili ya kale zaidi na yaliyohifadhika vyema zaidi katika Afrika Mashariki. Mkenya hahitaji viza kuufikia. Kitambulisho chake kinatosha.

Hata hivyo, kuwa karibu si sawa na kuwa rahisi. Wapo wanaorejea kutoka Pwani wiki ya kwanza ya Januari wakiwa wamemaliza akiba na kukopa kwa simu, ilhali shule zinafunguliwa na karo, sare na vitabu vinasubiri. Ukichunguza, aghalabu kilichowaponza si anasa. Ni tarehe.

Familia nyingi huanza kwa kuuliza waende wapi. Swali linalofaa kutangulia ni waende lini, kwa kuwa chumba kile kile, chenye kitanda kile kile na feni ile ile, hubadilika bei kwa kiasi kikubwa kati ya mwezi mmoja na mwingine. Mwenye watoto wa shule ana nafasi tatu kwa mwaka. Likizo ya Aprili huangukia masika, mvua kubwa za Pwani ambazo huendelea hadi Mei. Bei huteremka, ila unaweza kushinda barazani siku nzima ukitazama maji yakichuruzika kwenye makuti. Agosti mvua huwa zimepungua, lakini pepo za kusi zingali zinavuma na bahari huwa na mawimbi. Wavuvi wa vyombo vidogo hupunguza safari zao, hivyo samaki hupanda bei wakati ambapo malazi yamo katika bei ya wastani. Desemba kaskazi huwa imeingia: bahari shwari, maji maangavu, samaki tele. Hapo ndipo kila mtu hutaka kwenda, na wenye nyumba wanalijua hilo.

Katikati ya misimu hiyo pana mwanya ambao wengi huupuuza. Katika miaka ya 2024 na 2025, muhula wa tatu ulimalizika wiki ya mwisho kamili ya Oktoba. Kwa mzazi asiye na mtahiniwa, hiyo ina maana ya mwezi mzima wa Novemba ambamo watoto wako nyumbani na bei za Krismasi hazijaanza. Mwajiri naye huwa mwepesi wa kutoa ruhusa Novemba kuliko Desemba, ambapo ofisi nzima huitaka wiki ile ile. Kwa maoni yangu, huu ndio wakati bora kwa mwenye kipato cha kadiri, ijapokuwa una hatari yake nitakayoieleza baadaye. Aidha, sherehe za utamaduni wa Lamu kwa kawaida huandaliwa Novemba, na siku hizo vyumba hujaa. Vivyo hivyo wakati wa Maulidi, katika mwezi wa mfungo sita, ambao husogea kila mwaka kulingana na kuandama kwa mwezi. Atakaye sherehe aende siku hizo, lakini aweke nafasi mapema. Atakaye bei nafuu aziepuke.

Tarehe ikishapatikana, ndipo hesabu ya njia ianze, nayo huanzia mlangoni pako wala si Syokimau.

Treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, ndiyo njia ya bei nafuu kwa familia yenye watoto. Tangu Januari 1, 2024 nauli kati ya Nairobi na Mombasa ni Sh1,500 kwa daraja la kawaida na Sh4,500 kwa daraja la kwanza. Mtoto wa kati ya miaka mitatu na 11 hulipa nusu, na aliye chini ya umri huo hasafirii tikiti. Kwa hiyo ile familia yetu ya watu wanne itatumia Sh4,500 kwenda na Sh4,500 kurudi. Wakikaa daraja la kwanza jumla itafika Sh27,000, na wote watafika Mombasa dakika ile ile na wale wa daraja la kawaida. Tofauti ya Sh18,000 ni malazi ya siku kadhaa.

Tatizo la wakazi wa magharibi mwa jiji ni kwamba kituo kiko upande wa pili kabisa. Anayetoka Kinoo, Uthiru au Kangemi alfajiri, akiwa na mabegi na watoto wanaosinzia, hushawishika kukodi teksi hadi Syokimau kupitia barabara ya juu ya Nairobi Expressway iliyofunguliwa mwaka wa 2022, na hulipa ada ya barabara pamoja na nauli. Bei hiyo huweza kukaribia au hata kuzidi nauli ya treni ya mtu mzima hadi Mombasa. Njia ya wenye subira ni matatu hadi katikati ya jiji, kisha treni ndogo inayotoka stesheni kuu ya Nairobi kuwaunganisha abiria na ile ya Mombasa. Fika mapema. Abiria hukaguliwa kitambulisho, na mabegi hupangwa chini yanuswe na mbwa wa polisi kabla ya kupitishwa kwenye mashine. Tikiti zenyewe hukatwa kwa simu kupitia *639# na kulipiwa kwa M-Pesa. Za Desemba huisha upesi; za Novemba hupatikana bila kukimbizana.

Treni huishia Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, na hapa ndipo bajeti za wengi hupasuka. Walihesabu treni, wakasahau kwamba Lamu ingali mbali. Mabasi ya Lamu hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi gati la Mokowe, mwendo wa takriban saa sita au zaidi, na mengi huondoka asubuhi. Aliyepanda treni ya asubuhi kutoka Nairobi hufika Mombasa alasiri, kwa hivyo sharti alale huko usiku mmoja. Usiku huo uandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Afadhali kulala Malindi kuliko Mombasa, kwani njia inakuwa imepungua na watoto hupata siku ya kupumzika.

Barabara ya Garsen hadi Lamu siku hizi ina lami. Lakini baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, usafiri wa usiku ulipigwa marufuku kwa muda mrefu na mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi. Ulizia hali ya usalama wiki ile ile unayosafiri, wala usitegemee habari za mwaka jana. Na ile hatari ya Novemba niliyoitaja ni hii: vuli ikizidi, mto Tana hufurika. Mwishoni mwa 2023, wakati wa mvua za El Nino, maji yaliikata barabara eneo la Lango la Simba na magari yakakwama pande zote mbili. Msafiri wa Novemba, basi, hana budi kufuatilia utabiri wa hali ya hewa na kuwa na mpango wa pili, hata kama ni kumalizia likizo Malindi au Watamu.

Ndege hutoka Wilson na uwanja wa Jomo Kenyatta, na hutua kisiwani Manda, kisha abiria huvushwa kwa boti. Kwa mtu mmoja aliye na siku nne tu, ndege iliyokatiwa tikiti wiki nyingi kabla yaweza kuwa na maana, kwa kuwa basi na treni zitamla siku mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa watu wanne, hesabu hukataa.

Kutoka Mokowe kuna boti za abiria wote na zile za kukodi. Wapagazi watakuwahi kabla hujakanyaga gati wakikuelekeza kwenye za kukodi. Waage kwa heshima ukaulize ya abiria. Vaa jaketi la kuokolea, na umvishe mtoto kwanza.

Kuhusu malazi, Shela ndiko kwenye ufuo mrefu na ndiko bei ilikopanda. Mji wa Lamu uko kiasi cha kilomita tatu kutoka huko, mwendo wa dakika 40 hivi kwa miguu kando ya bahari, na una nyumba za wageni za bei ya chini zaidi, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe zinazopunguza joto. Lala mjini, uoge Shela. Familia mbili zikiungana zinaweza kukodi nyumba nzima yenye jiko, zikanunua samaki kwa wavuvi na kujipikia. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi, jioni viazi karai na mishikaki. Mtu hashindi njaa Lamu kwa kukosa pesa za mkahawa wa watalii.

Lakini tahadhari na nyumba za mtandaoni. Matapeli huchukua picha za nyumba halisi, wakaweka bei ya kuvutia na kudai malipo yote kwa simu. Kabla ya kutuma chochote, omba mwenye nyumba akupigie simu ya video akitembea kutoka barabarani hadi chumbani. Linganisha jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo na lile alilojitambulisha kwalo. Toa arubuni ndogo tu, na salio ukiwa umeshika ufunguo. Anayekataa masharti hayo, achana naye hata kama nyumba yake ni kasri.

Katika ufuo wa Shela vivuli ni haba, na mkondo wa maji kati ya Lamu na Manda una nguvu. Nendeni asubuhi, mrejee kabla ya adhuhuri. Mjini kuna ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na jumba la makumbusho. Raia hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni akionyesha kitambulisho. Mavazi ya kuogelea yabaki ufuoni, maana huu ni mji wa Waislamu na wenyeji wake ni wapole kiasi cha kutokukemea hadharani.

Wanaoipenda zaidi Unguja nao wakumbuke kwamba Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, lakini anahitaji pasipoti au hati ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hutosha maisha yote kwa mujibu wa kanuni za afya za kimataifa zilizoanza kutekelezwa Julai 2016, kwa hivyo aliyewahi kuchanjwa asilipe tena.

Mwisho ni kurudi. Katisha tikiti ya treni ya kurejea siku ile ile unayokata ya kwenda, na nauli ya basi na boti uifungie bahashani usiiguse. Mabasi kutoka Mokowe huondoka mapema, hivyo patana na nahodha jioni ya kuamkia safari. Treni ya alasiri kutoka Mombasa hufika Syokimau usiku, na ile ya usiku hufika kabla ya mapambazuko. Anayekwenda Kangemi na watoto achague ya asubuhi, apate treni ndogo ya kumfikisha mjini na matatu ya kumfikisha nyumbani kungali mchana.