Betri ya rimoti ikiisha, bado ina mali ndani

Betri ya rimoti au tochi ikiisha, wengi wetu tunaitupa jalalani. Kumbe kilichoisha ni chaji tu, madini bado yamo humo humo.

Betri za alkalaini, zile zinazouzwa kila duka, kopo lake ni chuma. Ndani kuna zinki na manganizi.

Yanatolewaje?

Kiwandani, betri hutenganishwa kwa aina, kisha husagwa. Sumaku inanasa chuma, unabaki unga mweusi. Njia mojawapo ni kuuchoma kwenye tanuri: zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 za Selsiasi, inapaa kama mvuke na kunaswa ikiwa vumbi. Manganizi inabaki chini.

Zinki hiyo ndiyo hupakwa kwenye mabati yasishike kutu. Manganizi huimarisha chuma.

Kazi ni kuzikusanya

Umoja wa Ulaya unataka watengenezaji wakusanye asilimia 63 ya betri ndogo zilizotumika ifikapo mwisho wa 2027, na asilimia 73 ifikapo mwisho wa 2030.

Wewe je?

Usijaribu nyumbani. Ukiipasua, kemikali yake inaunguza ngozi na macho. Za lithiamu, kama ya simu, zikitobolewa zinaweza kuwaka moto. Ziba ncha zake kwa tepu, ziweke pakavu mbali na watoto, kisha uwapelekee wanaopokea taka za kielektroniki.