Pensheni ya Wazee: Haki ya Mzee, Si Badala ya Mtoto



Neno "pensheni jamii" limekuwa la kawaida katika shehia zetu. Wengi wanaijua siku ya malipo, lakini si wengi wanaojua fedha hizo zina maana gani. Wapo wanaoziita sadaka ya Serikali. Wapo pia vijana wanaosema: "Bibi siku hizi analipwa, sisi tumepumzika." Kauli zote mbili zina makosa, na hapa tutaeleza kwa nini.

PENSHENI JAMII NI NINI?

Pensheni tuliyoizoea ni ya mwajiriwa. Hukatwa kidogo kidogo katika mshahara wake, mwajiri naye huchangia, na akistaafu hulipwa. Hapa Zanzibar kazi hiyo hufanywa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (ZSSF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998.

Lakini tujiulize: mvuvi, mchumaji karafuu, na mama aliyesuka ukili huku akilea watoto, hawa walikatwa mshahara gani? Wamefanya kazi umri wao wote, na nchi imekula jasho lao, lakini hawana hata karatasi moja ya ajira.

Kwa ajili ya watu kama hawa, mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii. Kila Mzanzibari mkaazi aliyetimiza miaka 70 alipangiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe mwanamume au mwanamke, awe aliwahi kuajiriwa au la. Wazee zaidi ya 20,000 waliingia katika mpango huo. Kiwango kilikaa miaka kadhaa bila kubadilika huku bei za vyakula zikipanda, na baadaye kikaongezwa hadi shilingi 50,000. Fedha hizi hutoka katika bajeti ya Serikali, yaani katika kodi na mapato ya nchi.

Jambo hili si geni duniani. Mauritius ilianza kumlipa kila mzee mwaka 1958. Lesotho, nchi yenye kipato kidogo, ilianza mwaka 2004 kwa wenye miaka 70. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni nyingine, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi.

KWA NINI WOTE, NA SI MASKINI TU?

Iko njia nyingine, nayo ni kuchagua. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ambao umefanya kazi Bara na Visiwani, umekuwa ukichagua kaya zilizo duni zaidi. Njia hii ina faida, kwani fedha chache hupelekwa penye shida kubwa. Lakini umaskini hauandikwi usoni. Mwenye haya hukaa ndani asionekane, na mwenye kujulikana huenda akaingia asipostahiki. Umri ni rahisi zaidi kuuhakiki, na mzee hahitaji kujidhalilisha ili athibitishe kuwa hana kitu.

DINI INATUFUNDISHA NINI?

Imepokewa na Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiombaomba. Alipomuuliza sababu, mzee alitaja jizya, shida na uzee. Umar alimchukua nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunzaji wa Baitul-Mal amwangalie yeye na walio mfano wake, na akamwondolea jizya. Hoja yake ilikuwa kwamba si uadilifu kuchukua kwa mtu akiwa na nguvu, kisha kumtupa anapozeeka.

Hapa tunapata jibu la kauli ya kwanza. Mzee anapopewa kutoka katika mali ya umma anapata haki yake, wala hapaswi kuona haya.

Jibu la kauli ya pili limo katika fiqhi. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wanafundisha kwamba mtoto mwenye uwezo hawezi kumpa zakka mzazi wake fakiri. Kwa nini? Kwa sababu masurufu ya mzazi huyo ni wajibu wa mtoto, na mtu halipi wajibu wake mmoja kwa zakka. Ikiwa hata zakka haiwezi kushika nafasi ya mtoto, vipi shilingi 50,000 za Serikali ziishike? Fedha hiyo hainunui mchele wa mwezi mzima, mboga, dawa na nauli ya hospitali. Wala haimkogeshi mzee, haimfulii, haimsomei barua.

WANAFUNZI TUFANYE NINI?

1. Tuangalie nyumbani na kwa majirani kama yupo aliyetimiza miaka 70 na hajaandikishwa. Tumsaidie kutafuta kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi na tumpeleke kwa sheha.

2. Tukimsindikiza mzee kupokea, tumhesabie fedha zote mkononi mwake. Hiyo ni amana. Kuchukua hata shilingi mia bila ridhaa yake ni dhuluma, ijapokuwa ni babu yako.

3. Mzee akifariki, sheha apewe taarifa mapema. Kuendelea kupokea kwa jina la maiti ni kula mali ya umma.

4. Wenye uwezo wasipunguze walichokuwa wakimpa mzazi. Pensheni iwe nyongeza. Na asiye na mtoto, ni juu yetu majirani tumwangalie.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na mwisho mwema, na atujaalie nasi tuwe watoto wa kutegemewa. Amin.