Picha na redio zaweza kumwokoa mgonjwa wa jipu la jino

Mgonjwa mwenye shavu lililovimba, aketiye kwenye benchi la hospitali mjini Kitale au Bungoma, huwa na swali moja tu: jino litang'olewa lini? Kwa nini tembe alizonunua dukani hazikumponya ni jambo ambalo daktari mwenye foleni ndefu hapati wasaa wa kulieleza. Hapo ndipo mabango, video na redio zinapohitajika.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulibainisha kuwa asilimia 34.3 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na meno yaliyooza.

Jino haliliwi na mdudu, licha ya imani iliyoenea tangu jadi. Bakteria walio kwenye utando wa meno hugeuza sukari kuwa asidi, nayo huyeyusha gamba gumu la jino. Tundu likifikia kiini chenye mishipa, maumivu huwa makali. Kiini kikifa, maumivu huweza kutulia na mgonjwa akadhani amepona, ilhali usaha unajikusanya kwenye ncha ya mzizi. Utulivu huo ndio unaowahadaa wengi, na ndio picha yafaa iuonyeshe: jino lililopasuliwa katikati, tundu, kiini kilichokufa na mfuko wa usaha. Bango la tabasamu na meno meupe halimfunzi mgonjwa huyu lolote.

Aidha, aelezwe kwamba viuavijasumu huzuia maambukizi yasisambae lakini haviondoi chanzo. Sharti usaha utolewe, mzizi utibiwe au jino ling'olewe. Aspirini ikibandikwa kwenye ufizi huuchoma.

Uvimbe ukishuka chini ya ulimi na shingoni, waweza kuziba njia ya hewa na kuua. Anayeshindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua apelekwe hospitalini papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.

Lugha nayo ina uzito wake. Wabukusu wana Sulwe FM inayotangaza kwa Lubukusu, lakini kwenye benchi la Kitale huenda jirani yao ni Msabaot, na televisheni ya ukumbini mara nyingi haisikiki. Video yenye picha zinazojieleza hufaa zaidi, kisha muuguzi amwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokiona.