Mtoto kufa usingizini: wachunguzi wapekua vijidudu vya tumbo

Mama analaza mtoto wake akiwa mzima, amenyonya vizuri, hana homa. Asubuhi anamkuta hapumui tena. Wanganga wanaita jambo hilo «mort subite»: kifo cha ghafula cha mtoto asiyefikisha mwaka mmoja, ambacho sababu yake haionekani hata baada ya kupasua maiti, kuchunguza mahali alipolala na kuuliza habari za afya yake. Wengi hufariki wakiwa na miezi 2 hadi 4.

Huko Adelaide, inchini Australia, wachunguzi walitafuta sababu ndani ya utumbo. Mwaka wa 2014, Amanda Highet na wenzake walitangaza matokeo juu ya watoto 52 waliokufa hivyo, wakiwalinganisha na sampuli 102 za choo cha watoto wazima wa umri uleule. Kijidudu Clostridium difficile kilipatikana kwa 25% ya marehemu, kwa wazima 6% tu. Nao waliokutwa wamelala kifudifudi ndio waliobeba zaidi Staphylococcus aureus, kijidudu kinachoweza kutoa sumu.

Wazo lenyewe si la jana. Tangu miaka ya 1980 kuna wataalamu wanaosema kwamba sumu ya bakteria inaweza kumwangusha mtoto katika miezi ile ambapo kinga aliyopewa na mama inapungua, na yake mwenyewe haijakomaa.

Ila kuna tatizo, wala si dogo: vijidudu huendelea kuzaana tumboni mwa maiti, kwa hiyo kulinganisha marehemu na mtoto aliye hai kunaweza kudanganya. Na mwaka wa 2017, uchunguzi mwingine wa hukohuko Adelaide, juu ya watoto 44 na wengine 44 wa umri uleule, haukuona tofauti yoyote. Paul Goldwater, aliyekuwa katika ule wa kwanza, alikuwemo pia katika huu.

Basi hakuna sababu ya kumpa mtoto antibiotiki wala kumsafisha tumbo kwa njia ya haja kubwa eti kumkinga. Kinachosaidia kinajulikana. Huko Marekani, tangu kampeni ya 1994 ya kulaza watoto chali, vifo hivyo vilipungua kwa nusu. Kunyonyesha kwa miezi 2 au zaidi nako kunapunguza hatari kwa karibu nusu, na maziwa ya mama hulisha bakteria wema wa utumbo. Mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu lisilo na mto, na mvutaji wa sigara akae mbali naye.